Kunenepa si Kunawiri

Mwanafunzi arudipo likizo Marangu akiwa amenona, wengi wetu humsifu: "Kweli shule imekupenda!" Wazazi wapenzi, sifa hiyo yaweza kuficha hatari. Unene uliozidi huweza kuleta shinikizo la damu na kisukari, hata kabla mtoto hajafikia utu uzima.

Zamani kijana wa huku alipanda mteremko kwenda shule, na jioni akashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Leo yupo anayepandishwa na bodaboda kutoka Marangu Mtoni, soda mkononi. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, yaani karibu vijiko 9 vya chai! Na chipsi bado hatujazitaja.

Lakini tusimpime mtoto kwa macho, wala kwa kipimo cha watu wazima. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali ya watoto na vijana hadi miaka 19, yanayolinganisha uzito na urefu kwa kufuata umri na jinsia. Mpelekeni zahanati apimwe.

Msimshindishe njaa, bado anakua. Wala msimwite "bonge" mbele ya wenzake, maana aibu yaweza kumsukuma ale kwa kujificha. Kiburu cha ndizi na maharage, mboga za kihambani na maji badala ya soda vinamfaa. Shirika hilo pia lashauri vijana wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Ng'ombe zizini bado anasubiri majani.