Jina la Batizo

Muji wetu wa Kalemie uliitwa Albertville, kwa jina la Albert aliyekuwa baadaye mufalme wa Wabelgiji, mpaka mwaka 1966. Jina likageuka, ziwa likabaki lilelile. Je, jina la mukristu nalo ni hivyo?

Mwaka 1972 Mobutu aliamuru raia waache majina ya kigeni. Kardinali Malula alipinga. Mutu angeuliza: tukiacha Petro au Maria, tunaacha na batizo? Hapana. Tulibatizwa kwa maji na kwa Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mutakatifu. Alama hiyo ya roho haifutwi na amri ya serikali.

Basi jina lina faida gani? Jina la mutakatifu linatupa musimamizi mbinguni na mufano wa kufuata. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, kanuni 855, haidai jina la Kizungu. Inakataza tu jina lisilopatana na moyo wa kikristu. Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa mwenye heri mwaka 1985, amelifanya jina la kwetu kuwa jina la kikristu.

Wazazi, musimupe mutoto jina la kisasi. Mumufundishe maana ya jina lake, apate kulichukua kwa matendo.