Kuku wa Nyama Uani: Tuanze na Banda Kabla ya Dawa

Kila Ramadhani inapokaribia, nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Likoni hadi Malindi, hununua vifaranga vya kuku wa nyama kwa matarajio ya kuwauza siku za futari na za sikukuu. Ni chumo la halali, tena la haraka, kwani kuku hawa hufikia kilo 1.5 hadi 2 kwa muda wa wiki 6 hivi. Lakini wiki hizo ndizo ziwatoazo watu machozi. Mama aliyeanza na vifaranga 100 kwa fedha za chama huweza kujikuta amesaliwa na 60, na deni liko pale pale. Hapo ndipo swali linapokuja: tuwape dawa gani? Sisi twaona kwamba swali hilo limekuja kwa kuchelewa.

Kwanza tumjue kiumbe tunayemfuga. Kukua kwake upesi si kwa sindano za homoni kama wavumishavyo watu, bali ni matokeo ya kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi. Nyama yake hutangulia mifupa, moyo na mapafu. Ndiyo maana twaona kuku mnono amelala miguu imempinda, mwingine tumbo limejaa maji, na mwingine ameanguka ghafla akafa hali jana alikuwa akila vizuri. Makosa ambayo kuku wa kienyeji huyavumilia, huyu hayawezi.

Adui wake mkubwa hapa kwetu ni joto. Kuku hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema, na penye hewa nzito ya unyevu kama yetu, kuhema hakumsaidii sana. Basi wasizidi 8 katika mita mraba moja, kuta ziwe wavu upande wa juu, na paa la makuti ni bora kuliko mabati matupu. Maji ya baridi yasikosekane. Chakula wapewe alfajiri na jioni, kisha kiondolewe saa za jua kali.

Vifaranga, kwa upande wao, huhitaji nyuzi 32 hivi wiki ya kwanza, kisha zipunguzwe nyuzi 3 kila wiki. Wakisongamana chini ya taa, wana baridi. Wakiikimbia, joto limezidi. Jiko la makaa ndani ya banda lililofungwa hutoa hewa ya sumu, nayo huua vifaranga na hata mfugaji.

Jambo la pili ni maranda yaliyolowa. Yakioza hutoa hewa kali ichomayo macho na mapafu, na humo hustawi vimelea vya koksidiosi, maradhi ya kuhara damu. Chukua konzi ya maranda uyaminye. Yakishikamana kama donge, yabadilishe siku hiyo hiyo. Maradhi haya yana dawa, nayo ni amproliamu, lakini banda bichi huyarudisha.

Kideri na Gumboro ni mambo mengine. Hivi husababishwa na virusi, na havina dawa ila kinga ya chanjo. Kwa kawaida kideri huchanjwa siku ya 7 na ya 21, na Gumboro siku ya 14. Afisa wa mifugo atakuthibitishia ratiba ya mahali ulipo. Chanjo ya kunywa huharibiwa na maji ya mfereji yenye klorini, na hufa ikikosa ubaridi. Anayempa kuku mwenye kideri antibiotiki hupoteza fedha yake, na huwazoesha bakteria dawa ambazo sisi na watoto wetu twazihitaji.

Hapa ndipo afya ya kuku inapogusa amana. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, zimeandikwa kwenye pakiti. Asiyezingoja humlisha jirani dawa pasipo kujua. Na kuku aliyetangulia kufa ni mzoga, kisu hakimhalalishi. Afukiwe katika shimo refu, wala asitupwe jaani paka na kunguru wakaeneza maradhi mtaani. Ama anayewahi kumchinja kuku aliye taabani, kisha akamuuza kama mzima, na akumbuke jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkemea muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya iliyo kavu. Kusema Bismillahi hakufuti udanganyifu.

Nasaha yetu kwa ndugu zetu ni hii: anza na 50 uwezao kuwatazama asubuhi na jioni, ujue banda lako, kisha uongeze. Jirani anunuapo kwako haulizi umewapa nini. Amekuamini, na Mwenyezi Mungu ni shahidi wa imani hiyo.