Mzazi Anayetosha

Kutafuta ukamilifu katika malezi ni kujiwekea kipimo kisichoruhusu kosa, kisha kulihesabu kila kosa la mtoto kuwa la mzazi. Mtoto akishika nafasi ya ishirini darasani, mama au baba huona ni yeye aliyefeli. Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo ina ukweli wake, lakini mjini, ambako bibi na mashangazi wako mbali, mzigo wake wote humwangukia mtu mmoja au wawili.

Shule huongeza uzito. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo pamoja na orodha ya shule na wanafunzi kumi bora, mpaka lilipoacha utaratibu huo Januari 2023. Majumbani orodha haijafutwa: mtoto wa jirani angali kipimo.

Matokeo ya mkazo huo huonekana katika mambo madogo. Kizwite, mjini Sumbawanga, asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali, kama ilivyo katika nyanda za juu za Ufipa. Mtoto anaharakishwa amalize uji wa ulezi, kikombe kinamponyoka, sweta la shule linaloa. Mama anafoka, mtoto anaondoka kimya. Mama anayetaka ukamilifu hushinda akijilaumu, na jioni hufoka tena kwa sababu ya daftari. Mwingine humwita mtoto na kumwambia, “Asubuhi nilikufokea bure, mwanangu. Nisamehe.”

Neno hilo la jioni lina kazi kubwa. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyefariki mwaka 1971, alieleza kuwa mtoto hahitaji mama mkamilifu bali mama anayetosha. Mama huyo humtimizia mtoto mchanga karibu kila haja. Kadiri mtoto anavyokua, humchelewesha na kumkosea katika madogo anayoweza kuyastahimili, naye hujifunza kungoja na kujitegemea. Nchini Marekani, Edward Tronick alichunguza mama na watoto wachanga wakiwa uso kwa uso, akaona kwamba wanapatana kwa takriban theluthi moja tu ya muda. Muda mwingine hupishana, kisha hurudiana. Katika kurudiana huko mtoto hujifunza kuwa ugomvi una mwisho.

Kuacha ukamilifu si kuacha malezi. Mkoa wa Rukwa, uliko mji huo wa Sumbawanga, huvuna mahindi na maharage kwa wingi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Shibe ya ugali peke yake haimkuzi mtoto. Anahitaji pia maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda. Hapo hapana pa kulegeza kamba, wala katika chanjo, kliniki, usalama na kumsikiliza mtoto anaposema anaumwa au anaonewa.

Vinavyoweza kuachwa ni vingine: sweta lenye doa, mwandiko uliopinda, nyumba isiyofagiliwa siku moja, nafasi ya ishirini. Nguvu zinazookolewa hapo ndizo zinazobaki kwa ajili ya sahani ya mtoto, na kwa ajili ya kumwomba msamaha jioni.