Mbuzi wa Panda: majani kwanza, makapi nyuma

Mu kiangazi, majani yanakauka hapa kwetu Panda. Wenye kufuga mbuzi ku lupango wanamupa makapi ya mahindi ao mabaki ya bukari. Inasaidia, lakini si mingi kwa mara moja. Juu ya nini? Tumbo ya mbuzi iko na vyumba 4, na ndani muko vijidudu vyenye kuzoea kuvunja majani. Unga mingi ya gafula inaleta asidi kali: tumbo inavimba, mbuzi anaharisha, anaweza kufa mu siku moja ao mbili. Kwa hiyo, mupe majani kwanza, hata yaliyokauka. Makapi kidogo, ongeza pole pole mu majuma mawili, maji safi kila siku. Na gunia ya mahindi, ifungie mu nyumba.