Zamu mupya anayepiga mwenye nyumba

Wazazi, wengi kati yetu tunajua ugonjwa wa SS. Mtoto analia mifupa usiku, macho inakuwa manjano, damu inapunguka, na hapo ni mbio kwenda hospitali. Njia moja ya kuutoa kabisa ni kumupa mtoto uroto, ile mafuta-mafuta ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, kutoka kwa ndugu yake ambaye damu yao inapatana. Mwaka 1988 wanganga wa Ubelgiji waliandika habari ya watoto 5 wa SS waliotendewa hivyo, na mwaka 1998 hesabu ilikuwa imefika wagonjwa 50. Wengine walifanyiwa mapema, sababu jamaa yao ilikuwa inajitayarisha kurudi kwao.

SS inaisha, ndiyo. Lakini kuna wanaobaki na shida ingine, na juu ya hiyo watu hawazungumuzi sana.

Fikiri umeandika zamu mupya wa kulinda lupango yako. Hajui sura ya mtu hata mmoja. Usiku mwenye nyumba anatoka inje, zamu anamukamata sawa mwizi, anamupiga. Uroto mupya unaleta walinzi wake, ni chembe nyeupe za damu, na hao wanaweza kuona ngozi, macho, kinywa, ini na mapafu ya mtoto kuwa vitu vigeni. Wanganga wanauita GVH. Ule wa muda mrefu unajionyesha mara nyingi katika mwaka wa kwanza ao wa pili: ngozi inakuwa ngumu na kuvuta, macho inakauka kama imeingia mchanga, kinywa kina vidonda, viungo havikunjiki vizuri. Kwa mapafu unaingia polepole, mtoto anachoka tu kupanda ngazi. Kwa hiyo pumzi inapimwa kwa mashini mbele hajalalamika.

Dawa ya kwanza ni prednizoni. Ni ndugu ya vile vidonge ambavyo wengine kwetu wanameza ili wanenepe (wanacheza na moto, lakini hiyo ni habari ingine). Inatuliza zamu, lakini uso unavimba, sukari inapanda katika damu, mifupa inalegea. Mama akiona mtoto amevimba anasema: dawa inamuua, tuache. Hapana, mama! Mwili wenyewe unatengeneza kitu cha namna ile, pale juu ya figo, na ukiisha kukipokea kutoka inje kwa wiki nyingi unaacha kukitengeneza. Ukikata dawa siku moja, mtoto anaweza kuanguka na kufa. Inapunguzwa kidogo kidogo, na munganga ndiye anayepunguza.

Kama prednizoni haitoshi, kuna zingine. Marekani iliruhusu ibrutinibu mwaka 2017, belumosudili na ruksolitinibu mwaka 2021, aksatilimabu mwaka 2024. Bei yao ni kali. Kuna pia mashini inayotoa damu, inaangazia chembe nyeupe kwa taa ya namna yake, kiisha inazirudisha mwilini.

Sasa nyumbani. Zamu aliyetulizwa hapigi mwenye nyumba, lakini hata mwizi hamuoni vizuri. Homa yoyote ni hospitali siku ile ile, usingoje kesho. Mtoto avae viatu: kuna munyoo wa udongo unaoingia kwa ngozi ya miguu, unakaa tumboni miaka mingi kimya, na mtu akianza prednizoni unazaana mpaka kufika mapafu. Uliza munganga aupime ao autibu mbele ya dawa kuanza. Jua linaamsha GVH ya ngozi, basi kofia na mikono mirefu. Macho inatiwa matone kila mara. Chanjo zenye kijidudu hai, kama ya surua, hazitolewi mpaka munganga akubali.

Na karatasi ya hospitali iliyofanya kazi, yenye kila dawa na miligramu zake, itolewe fotokopi mbili: moja itembee na mtoto, ingine ikae kwa mama mukubwa wake.