Wingi wa Maji na Nguvu ya Mkondo: Uteuzi wa Kasi ya Chujio katika Tangi la Samaki Mchanganyiko

Makala haya yanamlenga mfugaji wa samaki wa mapambo wa maji baridi katika mji kama Nakaloke, kaskazini mwa Mbale. Hoja yake ni kwamba wingi wa maji yapitayo katika chujio na nguvu ya mkondo ni mambo mawili tofauti.

Ndani ya sifongo ya chujio huishi bakteria wanaoigeuza amonia, sumu itokayo kwa samaki wenyewe, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali. Maji yakipita kidogo mno, bakteria hao hukosa oksijeni na sumu huongezeka.

Kanuni iliyozoeleka ni kupitisha ujazo wa tangi mara 4 hadi 6 kwa saa. Tangi la lita 120, basi, huhitaji lita 480 hadi 720. Kiwango kilichoandikwa kwenye kasha la pampu hupungua maji yanapopandishwa juu na sifongo inapoziba; hivyo kipimo cha kuaminika ni ndoo. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 60, kasi halisi ni lita 600 kwa saa.

Hata hivyo, furu wa miamba ya Ziwa Viktoria wamezoea mawimbi, ilhali samaki wa vinamasi vya mafunjo vya Kyoga wamezoea maji yaliyotulia. Panapochanganywa samaki wa tabia mbili namna hii, wingi wa maji usipunguzwe. Mdomo wa chujio uelekezwe kwenye kioo, ili nguvu ivunjike na pembe moja ya tangi ibaki tulivu kwa walio dhaifu.