Hiari ya Askari: Kupimwa Virusi Bila Kulazimishwa

Leo tunataka kuongea na wale wenye mume, mke au mtoto jeshini. Maisha ya askari ni amri: akiambiwa apange foleni anapanga, akiambiwa achanjwe anachanjwa. Ndiyo maana watu huuliza, je, mtu kama huyu anaweza kweli kupimwa virusi vya ukimwi kwa hiari?

Anaweza. Sheria ya ukimwi ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa. Inataka akubali mwenyewe, apate ushauri kabla na baada ya kupimwa, na majibu yawe siri yake.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1986, huko Harare, Fidel Castro alimwambia Rais Museveni kwamba kati ya askari 60 wa Uganda waliokwenda Cuba kwa mafunzo, 18 walikuwa na virusi. Habari hiyo iliiamsha Uganda, hatukatai. Lakini hebu fikiri, damu ya askari inazungumzwa na marais wawili! Ilipofika Julai 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1308, likihimiza askari wa kulinda amani wapimwe kwa hiari na kwa siri. Na Mei 2008, mahakama kuu ya Pretoria iliamua kwamba jeshi la Afrika Kusini lilivunja katiba kwa kuwafungia nje watu wote wenye virusi, wasiandikwe kazi wala kutumwa nchi za nje.

Kinachomwogopesha askari ni kazi. Anawaza, nikionekana navyo sitapelekwa ng'ambo, na ile posho ndiyo ya kumalizia nyumba. Basi anajificha nyuma ya mama watoto: "Mama alipimwa kliniki akiwa mjamzito, hana kitu, kwa hivyo hata mimi sina."

Ndugu zetu, hapo ndipo wengi wanapotea. Majibu ya mama ni ya mama. Virusi haviingii kila mara watu wanapokutana, na kuna mabibi na mabwana wameishi miaka, mmoja anavyo na mwenzake hana. Pia huenda mzee alivipata baada ya mama kupimwa. Hapo mama yuko hatarini, na akiambukizwa wakati ananyonyesha, mtoto naye yuko hatarini. Kwa hivyo afadhali waende wote wawili, wakae mbele ya mshauri mmoja.

Kupimwa kwenyewe si kazi kubwa. Ni tone la damu kidoleni na kungoja dakika 20 hivi. Kipimo cha kwanza kikionyesha virusi, kingine hufanywa kuhakikisha. Aliyejihatarisha juzi tu arudi tena, maana virusi vipya havionekani mara moja. Na kama hajamaliza saa 72, akimbie hospitali aulize dawa za kuzuia, asingoje.

Ushauri nasaha nao si mahubiri. Mshauri anauliza: ukikuta unavyo, utamwambia nani kwanza? Ukikuta huna, utajilindaje ukiwa mbali na nyumbani? Kama mshauri wa kambini ni mkubwa wako kwa cheo na unaona haya, nenda hospitali ya raia wakati wa likizo. Hata duka la dawa kuna vifaa vya kujipima, lakini kikionyesha virusi ni lazima uende kliniki kuhakikisha.

Anayepatikana navyo huanza dawa bila kungoja augue. Akizimeza vizuri, na kipimo kikaonyesha virusi vimepungua hata havionekani damuni, hamwambukizi mwenzake kwa kukutana kimwili. Kwa wengi siku hizi ni tembe moja kwa siku, nayo inaingia kwa mfuko wa sare. Anayekwenda doria amwambie muuguzi mapema atakaa nje siku ngapi, ahesabiwe tembe za kumtosha na za akiba, kwa sababu lori la kumrudisha linaweza kuchelewa.